Umepasuliwa moyo na kazi imekushinda? Hivi ndo unavyofuatilia mafao ya ulemavu

Kabla ya yote nakuomba kitu kimoja, usiandike barua ya kuacha kazi. Najua umetoka wodini pale Upanga, Dar es Salaam, una kidonda kifuani, ukipanda ngazi kidogo tu unahema, bosi anapiga simu kila wiki kuuliza unarudi lini, na kichwani unaona bora uachane nao upumzike zako. Pumzika, ila upumzike kwa karatasi ya daktari sio kwa barua yako mwenyewe, maana ukiacha kazi kwa hiari unajifungia milango kadhaa kwa siku moja alafu kuja kuifungua baadae ni shughuli.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi hawaelezwi mapema. Mtu anaenda ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii na faili nene la hospitali, risiti zimo, eksirei zimo, karatasi za kulazwa zimo, anamwambia afisa nimefanyiwa operesheni ya moyo naomba mafao ya ulemavu. Mfuko haulipi kwa sababu ulipasuliwa. Unalipa kwa sababu uwezo wako wa kujiingizia kipato umepungua, na kwa NSSF, mfuko wa wafanyakazi wa sekta binafsi hapa Tanzania, upungufu wenyewe unatakiwa ufike angalau theluthi mbili na uthibitishwe na bodi ya madaktari. Watu wengi wanafanyiwa bypass, yaani kuwekewa njia mpya ya damu kwenye mishipa ya moyo, au wanabadilishiwa valvu na baada ya miezi kadhaa wako kazini kama kawaida, kwahiyo kovu la kifuani peke yake halisemi lolote kuhusu wewe. Kila karatasi unayoitafuta kuanzia leo ijibu swali hili tu, huyu mtu kazi yake ilikuwa kufanya nini na sasa hivi ni nini hakiwezi tena.

Tuanze na muda, maana wengine wanakimbilia mafao ya ulemavu wiki ya tatu tangu watoke theatre na wanarudishwa. Ukipasuliwa kwa kufunguliwa kifua, mfupa wa katikati unahitaji kama wiki 6 mpaka 12 kuunga, na kipindi hicho kila mtu anakatazwa kunyanyua vitu vizito, awe amepona moyo au hajapona. Hakuna daktari atakayekwambia wiki ya tatu kwamba hali yako ni ya kudumu. Kipindi hiki ndo unatumia likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ila masharti yake lazima upeleke cheti cha daktari. Sio kumtumia HR picha ya kitanda WhatsApp, peleka karatasi yenye muhuri, bakiza kopi, na hiyo kopi wakugongee muhuri wa kupokea. Kama ulishatumia baadhi ya siku mwaka jana kwa malaria au ajali zinahesabika humohumo, kwahiyo muulize HR mapema umebakiwa na ngapi usije ukastukia mwezi unaisha na mshahara haujaingia.

Wakati unauguza kidonda, kaa na simu yako uangalie michango. Hapa ndo watu wanalia. Masharti ya pensheni ya ulemavu NSSF ni kwamba uwe hujafika umri wa kustaafu na uwe na michango ya miezi 180, au kama hujafika huko basi uwe na angalau miezi 36 na kati ya hiyo miezi 12 iwe imelipwa mfululizo kuja mpaka pale ulemavu ulipoanza. Soma tena hiyo ya 12. Mtu ana miaka 6 ya michango lakini mwajiri aliacha kupeleka mwaka mmoja uliopita, au yeye mwenyewe aliacha kazi akakaa nyumbani akiumwa mwaka mzima ndo akaja kuomba, hapo anaanza kupata tabu. Ndo maana nimeanza na ile barua ya kuacha kazi. Kama hutimizi miezi hiyo sio kwamba unatoka mikono mitupu, kuna malipo ya mkupuo kwa aliyethibitishwa na bodi ila michango haijatosha, lakini mkupuo unaisha na pensheni inaingia kila mwezi, tofauti yake mwenye dawa za maisha anaijua.

Taarifa ya michango unaipata kwenye ofisi yoyote ya NSSF, Ilala, Kinondoni, Temeke, popote ulipo karibu, au kupitia huduma zao za mtandaoni. Wa serikalini michango yako iko PSSSF tangu ile mifuko ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF iunganishwe 2018, na wao wana PSSSF Kiganjani unaangalia kwenye simu hukohuko nyumbani. Omba taarifa ya mwezi kwa mwezi, usikubali jumla tu, maana jumla inaficha mapengo. Ukikuta pengo chukua slipu za mshahara za miezi hiyohiyo, kama slipu inaonyesha umekatwa na mfuko haujapokea basi hilo deni ni la mwajiri sio lako, andika barua ya malalamiko kwa mfuko uambatishe slipu na uifuatilie. Fanya hivi ukiwa bado mfanyakazi, ukishatoka hata kupata kopi ya slipu inakuwa kuombana msamaha.

Haya, tuje kwa daktari, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndo penye uzito.

Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akikuuliza unaendeleaje unajibu nzuri, namshukuru Mungu, Alhamdulillah, hata kama usiku mzima umelala umekaa kwa sababu ukilala chali pumzi inakata. Tunafanya hivyo kliniki pia. Daktari anauliza mzee vipi, mzee anasema salama tu dokta, daktari ana foleni ya watu nje anaandika anaendelea vizuri, tarehe ya kurudi miezi mitatu. Ukirudia hivyo kliniki nne faili lako zima linasema mtu mzima huyu hana shida, alafu siku ya bodi unaenda kusema huwezi hata kubeba ndoo ya maji, na wao wanasoma faili. Sio kwamba daktari alikuonea, ameandika ulichomwambia. Kwahiyo mshukuru Mungu kwanza, ni haki yake, alafu endelea na sentensi ya pili. Nashukuru Mungu, ila dokta nikitoka kitandani kwenda bafuni lazima nikae. Nikitembea kutoka kituo cha daladala mpaka nyumbani nasimama mara tatu. Miguu inavimba jioni viatu haviingii. Nalalia mito mitatu. Hayo ndo yanaandikika.

Nunua kidaftari cha shule uandike kila siku mistari miwili tu, leo nilijaribu kufanya nini nikaishia wapi, kizunguzungu, mapigo kwenda mbio, nililala saa ngapi mchana, dawa gani inanichosha. Usipambe, andika na siku nzuri pia, maana kidaftari chenye siku mbaya tupu hakiaminiki. Na kama mkeo au mtoto ndo anakuona kila siku nenda naye kliniki, wao wanasema vitu ambavyo wewe unaona aibu kuvisema.

Ripoti unayoiomba kwa daktari bingwa isiwe ile ya kutoka wodini peke yake. Ile inaeleza uliingia na nini, ukafanyiwa nini, ukatoka na dawa gani, basi. Wewe unataka ripoti ya hali ya sasa ambayo ina majibu ya ECHO, kile kipimo cha picha ya moyo, ya baada ya operesheni, sio ya kabla, na iseme moyo unasukuma damu kwa asilimia ngapi. Kwa kawaida ni kama 55 kwenda juu, ikiwa 40 au chini yake nguvu imepungua kweli. Iseme pia uko daraja la ngapi katika yale madaraja manne ya moyo kushindwa kazi, la 1 mtu haoni shida akifanya shughuli za kawaida, la 2 anachoka kwa shughuli za kawaida, la 3 hata shughuli ndogo zinamchosha, la 4 hata akipumzika anasumbuka. Kama hospitali inafanya kipimo cha kutembea dakika 6 omba ufanyiwe, maana kinapima umbali na umbali haubishaniwi. Alafu mwombe daktari aandike makatazo kwa maneno yanayoeleweka na mtu asiye daktari, asinyanyue zaidi ya kilo kadhaa, asisimame zaidi ya muda fulani, asifanye kazi za zamu ya usiku, asipande ngazi mfululizo, na kama anaona hali ni ya kudumu au bado kuna nafasi ya kupona aandike pia. Daktari hawezi kukuandikia makatazo ya kazi asiyoijua, kwahiyo mwelezee kazi yako kabla hajashika kalamu.

Na wenye valvu ya chuma kuna jambo lenu la peke yenu. Mnakunywa warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yote na mnapima INR, yaani damu inachukua muda gani kuganda, mara kwa mara, damu inachelewa kuganda, kwahiyo ECHO inaweza kuja nzuri kabisa lakini kazi ya bodaboda au ya kupanda majukwaa ya ujenzi ikawa hatari kwako, maana ukianguka unaweza kuvuja damu ndani vibaya. Hiyo iandikwe kama hatari ya kazi. Ila niwe mkweli kwako, hatari hiyo peke yake mara nyingi haitoshi kufikisha theluthi mbili kama bado una nguvu za kufanya kazi nyingine, hapo njia yako ya kwanza ni kubadilishiwa kazi. Kanuni za ajira za 2007 zinamtaka mwajiri, kabla hajamwondoa mtu kwa sababu ya afya, aangalie kwanza kama kuna kazi nyingine anayoiweza au kama kazi aliyonayo inaweza kurekebishwa. Omba hilo kwa maandishi. Akikupa kazi nyepesi ukaiweza, vizuri sana, mshahara unazidi pensheni. Ukijaribu ikakushinda, hiyo barua na rekodi ya kujaribu ni ushahidi mkubwa kuliko maneno yako mia moja.

Barua ya mwajiri nayo ina mtego wake. HR wanaandika cheo, mtunza stoo. Mtu akisoma mtunza stoo anaona mtu amekaa kwenye kiti na kompyuta. Kumbe wewe kule Kariakoo unashusha belo za mitumba toka kwenye fuso asubuhi, unapanga juu, unapanda ghorofa ya tatu haina lifti mara kumi kwa siku. Omba barua ieleze kazi inavyofanyika kweli, uzito unaobebwa, masaa ya kusimama, zamu, safari, umeanza lini, mshahara kiasi gani, siku ya mwisho kufanya kazi ni ipi na kwa sababu gani. Ukiona HR anasuasua mwandikie wewe rasimu umpelekee asome asahihishe, wengi wanakubali kwa sababu umewapunguzia kazi.

Kwenye fomu ya maombi, pale pa maelezo usijaze neno moja ugonjwa wa moyo. Jaza kitu kama hiki, ubadilishe kwa hali yako:

Nimekuwa mshusha mizigo na mtunza stoo kwa miaka tisa. Nilibadilishiwa valvu mbili. Miezi sita baada ya operesheni ECHO inaonyesha moyo unasukuma kwa asilimia 32. Nikitembea kama mita hamsini nasimama kuvuta pumzi. Daktari amenikataza kubeba zaidi ya kilo tano. Mwajiri alinijaribisha kazi ya kuandika risiti kwa wiki tatu, nilishindwa kukaa zamu nzima kwa sababu ya uchovu na kizunguzungu, barua imeambatishwa. Sina ujuzi wa kazi nyingine.

Hiyo inatosha, fupi, na kila sentensi ina karatasi nyuma yake.

Vitu vya kubeba ni vile vya kawaida, namba ya uanachama, kitambulisho cha NIDA, picha za pasipoti, taarifa za akaunti ya benki yenye jina lako mwenyewe, barua ya mwajiri, ripoti za hospitali. Kinachochelewesha watu ni majina. NIDA Hamisi, benki Khamis, kwenye mfuko uliandikwa jina la babu badala ya la baba. Angalia hilo mapema, mfuko watakwambia kama kiapo cha wakili kinatosha au wanataka NIDA irekebishwe kwanza. Piga kopi ya kila kitu seti mbili, original usimwachie mtu bila kuandikishiana, na kila ukipeleka kitu andika tarehe na jina la afisa aliyepokea. Kujaza fomu ya mafao hakulipiwi. Ukikutana na kijana nje ya ofisi anasema ana mtu ndani faili litapita fasta kwa laki moja, pita kama hujamsikia, anakula hela za dawa zako.

Wa PSSSF safari yenu inaanzia kwa mwajiri, yeye ndo anaandika uende bodi ya madaktari na ikithibitika ndo unastaafishwa kwa sababu ya afya na mafao yanafuata. Msiende moja kwa moja kwenye mfuko mkiwa hamjaongea na afisa utumishi, mtarudishwa.

Siku ya bodi amka mapema lakini usijichoshe kwa makusudi, wala usiache dawa ili uonekane mgonjwa, hiyo imewahi kuwaua watu. Beba vidonge vyako kwenye paketi zake. Wakiuliza unaweza nini sema unachoweza na kinachofuata baada ya kukifanya, naweza kufua nguo tatu, ya nne nalala saa nzima. Usiongeze chumvi, hao ni madaktari wanaona miguu yako na wanasikia kifua chako. Na usijikaze kiume pia. Kama umepanda ngazi kuingia mle ndani ukapumzika mara mbili, waambie.

Kuna hela nyingine watu wanazisahau wakisubiri majibu. Kama una mkopo wa mfanyakazi benki, mingi ina bima ndani yake inayogusa kifo na ulemavu wa kudumu, nenda tawini uombe masharti ya bima ya mkopo wako na uulize muda wa kutoa taarifa, maana watu wanaendelea kukatwa marejesho wakati bima ilitakiwa ilipe. WCF wengi wanaitaja lakini ule ni mfuko wa fidia kwa aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, valvu iliyoharibika kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni haiingii huko. Mwajiri akikuachisha yeye, kuna fao la kukosa ajira NSSF, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6 kwa mwenye michango ya miezi 18 au zaidi, lakini aliyeacha mwenyewe halimhusu, umeona tena ile barua. Na kama unaona umeachishwa kwa uonevu una siku 30 tu kupeleka mgogoro CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, siku 30 kwa mgonjwa zinapita kama upepo, kwahiyo mtume ndugu akaulize fomu hata kama wewe uko kitandani.

Bima ya afya uliza kabla ajira haijakatika, sio baada. Mwenye kliniki ya INR na dawa kila mwezi hawezi kukaa hata miezi miwili bila kujua kadi yake inasomaje, nenda NHIF au kwa bima yako uulize hali yako inakuwaje ukitoka kazini kwa ugonjwa.

Na wewe mama lishe, fundi, bodaboda ambaye hujawahi kuchangia popote, mafao haya hayakuhusu kwa sasa na sitakudanganya. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii iliyo ndani ya hospitali unapotibiwa, waeleze kipato chako, ndo wanaoshughulikia misamaha ya gharama. Mtaani ongea na mwenyekiti na mtendaji kuhusu TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, kaya zinatambuliwa kuanzia huko huko. Na ndugu zako ambao bado wazima wana biashara zao, waambie NSSF inapokea waliojiajiri, wachangie kila mwezi bila kuruka, kwa ajili ya ile miezi 12.

Majibu yakija umekataliwa, usitoke pale na neno la mdomo. Omba barua yenye sababu. Sababu mara nyingi ni moja ya hizi, michango, au bodi imeona bado una uwezo, au karatasi hazijitoshelezi. Kama ni michango unarudi na slipu. Kama ni karatasi unaongeza kilichopungua. Kama ni bodi, subiri kliniki inayofuata, pata ECHO mpya, peleka kidaftari kwa daktari wako aone kilichobadilika, mwombe aandike ripoti inayojibu kile hasa bodi ilichosema, alafu andika kwa meneja wa mkoa wa mfuko ukiomba kupimwa upya na uambatishe ile barua ya kukataliwa juu kabisa.